Hoja za kikoba zinapogoma: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Mama yangu hupima maji ya wali kwa kidole. Hukisimamisha juu ya mchele, maji yakifika pingili ya kwanza anafunika sufuria na kwenda zake. Wali wa watu sita hajawahi kuukosea. Lakini siku ya arobaini ya babu, walipomkabidhi sufuria la kilo 20, kidole alikiacha. Aliomba kopo, akaanza kuhesabu kwa sauti. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza mbona leo hapimi kama siku zote. "Kidole ni cha nyumbani," alinijibu.

Kwa miaka 8 nimekuwa katibu wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Morogoro. Kazi ya katibu ni kuandika, na unapoandika unasikia. Mtu anakuja na ombi la mkopo, anaeleza kwa nini biashara yake itasimama, wenzake wanampinga, yeye anajibu, na kabla chai haijapoa tumeshagombana. Hoja zinazoharibika ni zile zile kila mwezi, kama pikipiki inayorudi gereji na mlio ule ule. Nyingi zilianza kama kipimo cha kidole, yaani njia ya mkato inayofanya kazi vizuri mahali pake. Kisha mtu akaipeleka kwenye sufuria la shughuli.

Nimezipanga kwa dalili, yaani kwa sentensi yenyewe unayoisikia. Chini ya kila dalili sababu ya kawaida zaidi ndiyo inayotangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unakuja kabla ya ule wenye jasho. Palipoandikwa SIMAMA, mabishano yaishe na mtafute mwenye taaluma.

Kabla ya kufungua kifuniko

Fundi mzuri wa redio huanza kwa kuuliza kama umechomeka waya. Waya wetu ni swali hili: tunabishania kama jambo *linawezekana*, au kama *linaelekea* kutokea kwa mtu huyu, mahali hapa, kwa hela hii?

Mabishano mengi hufia hapo. Mmoja anasema, "Inawezekana kabisa kutajirika kwa kuuza nyanya," mwingine anasikia, "Wewe ukiuza nyanya utatajirika." Wa kwanza ana haki, wa pili ana wasiwasi wa haki, na wanazozana saa nzima juu ya maneno mawili. Ulizeni hilo kwanza. Likiwapatanisha, endeleeni na ajenda.

Dalili: "Mzee Bakhresa hakusoma, mbona tajiri?"

Hii ndiyo bingwa wetu. Huja mzazi anapotaka kumtoa kijana shule ili akae dukani, au mkopaji anapoambiwa aweke daftari.

Sababu ya kwanza ni kuhesabu waliovuka mto na kuwasahau waliozama. Ni kweli Said Salim Bakhresa aliacha shule mapema, akauza urojo, akafungua mgahawa Dar es Salaam miaka ya 1970, na leo unga wake upo karibu kila duka la mtaa. Lakini ni wangapi walioacha shule miaka hiyo hiyo, wakauza urojo huo huo, na majina yao hatuyajui? Hao hawaalikwi kuzungumza kwenye semina za ujasiriamali. Wenye kusimulia ni waliobaki.

Aliyelifafanua hili vizuri zaidi alikuwa mtakwimu Abraham Wald, aliyekimbilia Marekani mwaka 1938. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi na kundi la watakwimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Swali lililokuwa mezani lilihusu ndege za kivita zilizorudi zimetobolewa risasi: zikazwe bamba la chuma wapi? Jibu la haraka ni palipo na matundu mengi. Hesabu za Wald zilielekeza upande wa pili. Ndege zinazohesabiwa ni zile zilizorudi, kwa hiyo matundu yake yanaonyesha mahali ambapo ndege ikipigwa bado hufika nyumbani. Zilizopigwa kwenye injini hazikuwepo uwanjani kuhesabiwa. Kila ninaposikia hadithi ya tajiri aliyelala stendi, huwa najiuliza ziko wapi zilizopigwa injini.

Sababu ya pili ni kushika kipande cha hadithi kisichobeba mzigo. Bill Gates aliacha Harvard, ndiyo, akaanzisha Microsoft na Paul Allen mwaka 1975. Hadithi ya kijiweni inaishia hapo. Haisemi kwamba shule yake ya sekondari kule Seattle ilipata mtambo wa kuunganishwa na kompyuta mwaka 1968, wakati vyuo vingi havikuwa na kitu kama hicho, wala kwamba kijana alikuwa ameandika programu kwa miaka kabla hajafika huko Harvard. Kuacha chuo ndiko kunakosimulika kwa urahisi. Saa za mazoezi hazina utamu.

Sababu ya tatu, na hii iheshimiwe: mtu hajengi hoja, anajiliwaza. Aliyefeli kidato cha nne anayo haki ya kutaja jina la aliyefika bila cheti. Usimkosoe. Mpe chai.

Ukaguzi wa haraka: tafuta mfano wa kinyume, tena wa hapa hapa. Reginald Mengi alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza kabla hajaanza kuunganisha kalamu za wino. Mohammed Dewji alisoma Georgetown, Marekani, akarudi kwenye kampuni ya baba yake. Mkiwa na matajiri wawili waliosoma na mmoja asiyesoma, hamjathibitisha chochote kuhusu shule. Mmejua tu kwamba majina hayatoshi.

Ukaguzi wa kina ni huu, na ningekuwa na uwezo ningeuweka kwenye katiba ya kila kikoba: *muulize mwenye fremu.* Kabla yangu alipanga nani? Kabla yake? Waliuza nini, walikaa muda gani, waliondoka vipi? Mwenye fremu ana kumbukumbu ya waliozama kuliko kitabu chochote, maana walimwachia deni la pango. Dalali wa makabati ya vioo na friji za mtumba naye anajua. Mwanachama mmoja alitaka kufungua saluni karibu na stendi ya Msamvu, akaenda kuuliza, akaambiwa fremu ile imeshakuwa saluni mara 3 ndani ya miaka 4. Hakufuta wazo lake. Alibadilisha fremu.

Sasa upande wa kidole chenyewe, kwa sababu hoja hii ina kazi yake halali. Mfano mmoja unatosha kabisa kuvunja neno "haiwezekani". Mtu akikuambia bila digrii huwezi kuendesha biashara kubwa, mtaje Bakhresa na ukae chini, umeshinda. Kosa linaanza unapotumia mfano huo huo kuthibitisha kwamba kuacha shule *husaidia*.

Dalili: "Tangu nibadilishe jina la duka, mauzo yamepanda"

Badala ya jina weka unachotaka: rangi ya ukuta, maombi ya mchungaji, msaidizi mpya, kalenda ya ukutani. Sababu, kwa jinsi ninavyozikuta:

1. *Msimu.* Jamaa yangu alifungua duka la vipuri vya pikipiki Masasi mwishoni mwa 2017. Ulikuwa msimu wa korosho ambao bei mnadani ilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo, na vijana wa kusini walinunua pikipiki kama pipi. Akaamini amegundua siri ya biashara, akaanza kutushauri sote. Mwaka uliofuata wakulima na wanunuzi hawakuafikiana bei, serikali ikaingia kununua kwa 3,300, malipo yakasuasua, na vipuri vikakaa rafuni. Duka lilikuwa lile lile na mkono wa muuzaji ule ule.

2. *Kurudi kwenye kawaida.* Mtu hubadilisha jina la duka wakati gani? Wakati mambo ni mabaya kupita kiasi. Na mwezi mbaya kupita kiasi, mara nyingi hufuatwa na mwezi wa kawaida, hata usipogusa kitu. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alieleza jinsi alivyoliona hili kwa wakufunzi wa marubani wa Israel. Walishikilia kwamba rubani akisifiwa baada ya kuruka vizuri sana, mara inayofuata huharibu, na akifokewa baada ya kuharibu, hurekebika. Wakaamini kufoka ndiyo dawa. Marubani walikuwa wanarudi kwenye kiwango chao tu. Nawajua mabosi wa maduka ambao wamewafokea wasaidizi wao miaka yote kwa sababu ya hesabu hiyo hiyo, na hawajawahi kusikia habari za Kahneman.

3. *Vitu vitatu vilibadilishwa siku moja.* Jina jipya, taa mpya, bei imeshuka. Huwezi kujua nani kaleta mteja.

4. *Kweli ni jina.* Hutokea. Duka lililoitwa kwa jina la marehemu mwenye ugomvi na mtaa mzima lilipobadilishwa jina, watu walirudi.

Ukaguzi: fungua daftari, linganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, usilinganishe na mwezi uliopita. Huna daftari? Basi hakuna cha kukagua, na kikundi kisitoe mkopo juu ya neno "yamepanda". Mali bila daftari hupotea bila habari, na sifa nazo hivyo hivyo.

Dalili: "Nimeshaingiza milioni nne, siwezi kuacha sasa"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndiyo dalili iliyonyima watu usingizi kuliko zote. Kuna bodaboda isiyotembea, shamba lisiloota, banda la kuku linalokula kuliko linavyotaga, na mwenye nalo anaomba mkopo wa pili ili kuokoa wa kwanza. Akibanwa anatoa methali: maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Nchi hii ina kumbukumbu yake ya ugonjwa huu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, makao yake yakiwa Kongwa, kisha ukaenda Nachingwea na Urambo. Lengo lilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3, Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Trekta hazikutosha, vikageuzwa vifaru vya Sherman kuwa trekta. Udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama sakafu, majembe yakakwanguka. Mvua nayo haikujali ratiba ya London. Kila ripoti mbaya ilijibiwa kwa kupunguza lengo kidogo na kuongeza fedha. Ulipofutwa mwaka 1951, ulikuwa umekula pauni zipatazo milioni 36. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ndiyo iliyobaki na manufaa.

Kwa nini watu, hata wenye elimu yao, hung'ang'ania? Kwanza, kuacha ni kukiri mbele ya wenzako. Hiyo ndiyo inayoongoza, tena kwa mbali. Kwenye kikundi chetu aibu inatisha kuliko riba. Pili, wanachanganya fedha iliyokwisha toka na fedha itakayotoka. Tatu, mara chache, ni kwa sababu kweli imebaki hatua moja tu.

Hiyo ya tatu ndiyo inayofanya dalili hii iwe ngumu. Uvumilivu ni kipimo cha kidole kizuri sana, maana biashara nyingi ndogo hazilipi miezi ya mwanzo, na anayehama kila anapoumia haoti mizizi. Ukimwambia kila mwenye hasara aache, utafunga maduka mazuri. Kwa hiyo usimuulize "umeingiza kiasi gani?" Hilo ndilo swali linalomfunga. Muulize haya kwa mpangilio:

- Tuseme leo asubuhi ungeamka huna biashara hii, una hela hii ya mkopo mkononi, na mtu anakuuzia banda lako lilivyo. Ungelinunua?
- Milioni inayofuata itabadilisha nini ambacho zile nne hazikubadilisha? Ataje kitu: pampu, kibali, dume la mbegu. Akijibu "mambo yatakaa sawa", hajajibu.
- Ni ishara gani, na tarehe gani, ikifika utaacha? Iandikwe kwenye muhtasari kabla hela haijatoka. Mtu akiandika mwenyewe, siku ya kuacha anaacha na heshima yake.

SIMAMA kama hela ya kuokolea inatoka kwa wakopeshaji wa kausha damu, au kama dhamana ni nyumba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu; mwambieni aionyeshe. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume, hivyo ndivyo ilivyo tangu Sheria ya Ndoa ya 1971. Hayo ni ya wakili, si ya wajumbe wa kikoba, hata wajumbe wakiwa na busara namna gani.

Dalili: "Ekari moja, miche 4,000, kila mche matunda mawili..."

Tikiti maji. Ukiona mtu ametoa simu na kufungua kalkuleta, jua ni tikiti maji, au papai, au vitunguu. Miche 4,000 mara matunda 2 mara shilingi 2,000, milioni 16, toa gharama milioni 3. Hesabu haina kosa hata moja. Ndiyo maana inadanganya vizuri.

Sababu ya kawaida: kila namba imechukuliwa siku yake nzuri. Mche haufi, tunda halina inzi, bei ni ya Ramadhani, na shamba la jirani halijapandwa. Kila dhana peke yake inaaminika. Zikizidishana ndipo zinapozaa milioni 16. Jaribu kuzilegeza kidogo kidogo: miche 3,000 imefika, tunda moja kwa kila mche ndilo linalouzika, na mnunuzi aliyekuja na lori shambani anatoa 700. Ni milioni 2 na laki 1. Gharama bado ni milioni 3.

Sababu nyingine, ya hatari zaidi, ni kwamba bei ya leo ni bei ya wachache, nawe unaingia na wengi. Mimi nililipia ada ya somo hili kwa kware. Kati ya 2013 na 2014 ufugaji wa kware uliwaka moto Kenya, ukatufikia na sisi. Mayai yalikuwa na bei ya ajabu, yakisifiwa kutibu kila kitu. Nilinunua vifaranga, nikauza mayai kwa majirani, nao wakayaatamisha wakauza vifaranga kwa majirani zao. Kulikuwa na biashara kila mahali. Siku moja mke wangu akauliza, "Hivi kuna mtu anayekula haya mayai?" Sikuwa na jibu. Miezi michache baadaye bei ilikuwa imeanguka na mimi nilikuwa nakula mayai ya kware asubuhi, mchana na jioni.

Swali la mke wangu ndilo kipimo cha kidole ninachokiamini kuliko vyote: *nani anakula?* Mfuatilie mnunuzi mpaka wa mwisho. Wanunuzi wote wakiwa ni watu wanaotaka nao kuuza, hapo hakuna soko, kuna foleni.

Kwa kilimo, kipimo kingine cha haraka: kata mavuno nusu, ongeza gharama nusu tena, tumia bei ya chini kabisa ya mwaka jana. Ikibaki faida, hata ndogo, endelea na mazungumzo. Ikigeuka hasara, hujathibitisha kwamba wazo ni baya. Umejua tu kwamba linahitaji bahati, na bahati haikopeshwi. Kabla ya kupima udongo kwa macho, nenda kwa afisa ugani wa kata.

Dalili: "Kwani wewe una biashara gani mpaka unishauri?"

Kushambulia msemaji badala ya neno lake. Mwalimu mstaafu akisema hesabu haijumuishi nauli, nauli haijali kama yeye ana duka au hana. Angalia hesabu.

Ila usiitupe dalili hii haraka. Kuna maneno yanayokaguliwa kwa macho, kama hesabu, na kuna yasiyokaguliwa, kama "amini, mteja wa Mwembesongo hupenda hivi". Kwa hayo ya pili, kumuuliza msemaji ameonja nini ni haki yako kabisa. Kanuni yangu: neno unaloweza kulikagua, likague na umsahau msemaji. Neno usiloweza kulikagua, mwangalie msemaji, hasa kama akikosea ataumia na yeye au utaumia peke yako.

Dalili: "Kenya imefanya kazi, kwa nini isifanye kazi hapa?"

Kulinganisha ni njia ya zamani ya kujifunza na sina ugomvi nayo. Inaharibika pale tunapolinganisha sura tukaacha mashine ya ndani.

M-Pesa ni somo zuri. Ilianza kwa majaribio mwaka 2005, lengo likiwa kusaidia watu kurejesha mikopo midogo. Watumiaji wenyewe wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana pesa. Safaricom ikaizindua rasmi Machi 2007, na ikashika kwa kasi. Ilipopelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, ikiwa na jina lile lile, haikushika. Mwaka 2016 ikafungwa. Kule watu wengi walikuwa tayari na akaunti za benki na mashine za kutolea pesa. Kenya ilikuwa na kijana wa Nairobi mwenye mama kijijini, na mara nyingi njia ya kumfikishia pesa ilikuwa kondakta wa basi.

Ukaguzi: usiulize "ilifanikiwa wapi?" Uliza "ilikuwa inaondoa kero gani, na hapa kero hiyo ipo?" Mwanachama aliyetaka kuleta biashara ya kufua nguo kwa mashine aliyoiona Dar aliulizwa hivyo. Mtaani kwake kila nyumba ina dada wa kazi na kamba ya kuanikia. Alicheka mwenyewe.

Dalili: methali zinapigana

Huyu anasema haraka haraka haina baraka, yule anajibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali ni vipimo vya kidole vya wahenga, na kila kimoja kina sufuria lake. Hitilafu ni kuitumia kama hukumu. Ukaguzi ni swali moja: tukikosea kwa kuwahi tunapoteza nini, na tukikosea kwa kuchelewa tunapoteza nini? Fremu inayoweza kurudishwa baada ya mwezi, wahi. Mkataba wa miaka mitano, ngoja ngoja, matumbo yaumie.

Dalili: "Imesajiliwa, na watu wameshalipwa, nimeona kwa macho"

Hapa sibishani tena. Huu ni moshi kwenye waya.

Kuona kwa macho ni ushahidi mzuri katika mambo mengi, ndiyo maana mtego huu unanasa watu makini. Wa mwanzo *lazima* walipwe, bila hivyo mtego haufungi. Charles Ponzi wa Boston, mwaka 1920, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na aliwalipa wa mwanzo kweli kweli, kwa hela ya waliofuata. Hapa Tanzania wengi wanaikumbuka DECI, taasisi ya upatu iliyoanguka mwaka 2009, watu wakiwa wamepanda "mbegu" na kusubiri mavuno. Waliovuna mwanzo hawakudanganya waliposhuhudia. Walilipwa.

Fanya hesabu hii mbele ya kikundi, inazidi mahubiri. Wako watu 10, na kila mmoja ili alipwe lazima waingie 2 wapya. Raundi ya kwanza wanahitajika 20, ya pili 40, ya tatu 80. Raundi ya 23 wanahitajika zaidi ya milioni 83. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, vichanga wakiwemo.

Na hilo neno "imesajiliwa": cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni, kinasema kampuni ipo. Hakisemi inaruhusiwa kupokea fedha za watu na kuzilipia faida. Ruhusa ya aina hiyo ni ya Benki Kuu, au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kutegemea wanachouza. TIN nayo ni namba ya kodi tu. Hata muuza kahawa anaweza kuwa nayo.

SIMAMA. Msiweke hela ya kikundi, msijaribu kwa "kiasi kidogo", na usiwe wewe wa kumwingiza shemeji. Pigeni simu kwa wasimamizi hao kuuliza leseni. Kama hela imeshaingia, hifadhini risiti na jumbe zote, mwende polisi mapema, kabla ofisi haijahama.

Dalili: hitilafu ni fundi mwenyewe

Baada ya kujifunza haya nilikuwa kero. Kila mtu akifungua mdomo nampa jina la kosa lake. Mwenyekiti aliniita pembeni akaniambia wanachama wameanza kuogopa kuomba mikopo kwa sababu yangu, na alikuwa sahihi.

Sababu yake ni moja: nilidhani hoja mbovu maana yake ni wazo bovu. Mtu anaweza kuwa na jambo la kweli akashindwa kulieleza. Mama mmoja alikuja kuomba laki 3 za kuanzisha chapati, na tulipomuuliza kwa nini anaamini zitauzika, alisema ameoteshwa. Nilimchambua vibaya mbele za watu, ombi likakataliwa. Hakuna aliyefanya kazi yangu halisi, ambayo ilikuwa kumuuliza maswali mengine matatu: utauzia wapi, nani anakula, unga utaupata kwa bei gani. Majibu alikuwa nayo yote, kwa sababu alikuwa amepikia mafundi wa ujenzi miaka miwili. Ndoto aliitaja kwa kuwa ndiyo aliyoona nzito.

Alikopa kwa dada yake. Siku hizi kila mkutano chapati tunazokula na chai ni zake, na tunalipa taslimu, hakopeshi.

Naona na mimi nimemaliza kwa mfano wa mtu mmoja aliyefanikiwa. Rudi dalili ya kwanza, kisha kamuulize mwenye fremu.